Baba mdogo yupi? Kisa cha stetasi iliyotangulia simu

Nimeomba ruhusa kwa wahusika wote kabla sijaandika hiki kisa na majina yao nimeyaacha, maana sitaki kumuanika mtu. Jambo lililotupata sisi naliona linapata familia nyingi tu na watu wanalimaliza kwa kununiana, hawakai chini wakaliangalia.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatano. Baba mdogo alikuwa amelazwa hospitali Dar siku ya nne, na anayemuuguza usiku ni mdogo wangu, yeye ndo alikuwa analala pale wodini chini kwenye kanga. Mama mdogo siku hiyo alikataa kwenda kupumzika, akakaa benchi la nje na mkoba wake. Saa tisa na dakika ishirini usiku baba mdogo akafariki. Saa tisa na nusu mdogo wangu akanipigia, mimi niko Mbagala, tukalia kidogo kwenye simu nikamwambia kaa na mama mdogo nakuja, nikakata nikampigia baba Muheza. Baba yetu ndo kaka mkubwa wa marehemu na bibi anaishi kwake. Baba hakusema mengi. Akaniambia bibi yenu nitamwambia mwenyewe nikitoka msikitini, na yule mtoto wa Muscat msimwambie lolote mpaka nimpate mama mmoja wa Tanga anayekaa Ruwi, hukohuko Muscat, aende akakae naye.

Kwaiyo mpango ulikuwepo. Tatizo ni kwamba ulikuwa kwangu na kwa baba tu. Mdogo wangu aliyeko pale na maiti hakuna aliyemwambia, na hilo nalibeba mimi kwa sababu nilikuwa naye kwenye simu dakika kumi kabla ya kuongea na baba.

Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri akaweka stetasi WhatsApp. Kibao cheusi, moyo uliovunjika na maneno saba, "Nenda salama baba mdogo, umeniacha na nani". Jina halipo, picha haipo.

Sasa ili uelewe kilichofuata inabidi ujue kwamba baba yetu ana wadogo zake watatu wa kiume, mmoja ni huyu marehemu wa Dar, mmoja yuko Tanga mjini na mmoja Morogoro, na mume wa mama yetu mdogo naye tunamuita hivohivo. Yani kwa mdogo wangu baba wadogo ni wanne. Yeye anaposema baba mdogo moyoni mwake anajua anamsema nani, ametoka kumfunga kidevu sa hivi, lakini anayesoma akiwa mbali hajui, na kila mwenye baba kwenye hiyo orodha anasoma jina la baba yake.

Wa Morogoro binti yake alisoma saa kumi na moja na nusu akiwa kitandani. Akapiga simu ya baba yake haipatikani, imezimwa usiku kama kawaida ya mzee. Akatoka na khanga na ndala akapanda bodaboda gizani, na anasema njia nzima alikuwa hasikii hata upepo. Akamkuta baba yake mlangoni anapiga mswaki. Akakaa chini palepale kwenye mchanga na hakuweza kuongea, ikabidi mzee amuulize yeye nani amekufa.

Bibi Muheza, ana miaka themanini na kitu na ana presha, alikuwa ameamka anasubiri maji ya kutawadha. Baba bado yuko msikitini. Mjukuu wa jirani, mtoto wa darasa la sita, katumwa na mama yake aliyeona stetasi, kaja na adabu zake zote kashika mikono yote miwili, "shikamoo bibi, pole na msiba". Bibi ndo akauliza msiba wa nani. Mtoto hajui, anajua tu ameambiwa akampe pole bibi. Baba anarudi anakuta bibi kasimama katikati ya ua anawaita wanawe majina mmoja mmoja.

Na dada yetu wa Muscat, binti wa marehemu mwenyewe. Oman wako mbele yetu saa moja, kwao ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yuko jikoni kwa watu anaofanya kazi, kabandika maziwa ya watoto. Wakati anasubiri yachemke kafungua simu. Akajibu chini ya ile stetasi, "Baba mdogo yupi kaka?" Mdogo wangu muda huo alikuwa anazunguka na karatasi za hospitali, simu iko mfukoni. Hajajibiwa. Dakika mbili. Akaandika tena, "Kaka nijibu tafadhali". Akaacha akampigia baba yake.

Simu ya baba mdogo ilikuwa kwenye mkoba wa mama mdogo pale kwenye benchi. Mimi ndo nilikuwa nimefika muda huo. Ikawa inaita, mama mdogo akaitoa, kwenye kioo limeandikwa jina la mwanae na picha yake ya sikukuu, na mama akawa ameishika tu kwa mikono miwili anaiangalia mpaka ikakata. Ikaita tena, na akawa ameishika hivohivo. Mara ya tatu nikaichukua mimi, nikasema halo, na yeye kusikia ni sauti yangu kwenye simu ya baba yake hakuuliza tena swali. Nilimsikia akisema maziwa, maziwa, na kitu kinamwagika, afu akakata. Mama wa Ruwi alimfikia saa mbili na nusu baadaye. Saa mbili na nusu yule mtoto alikuwa peke yake na huo msiba, jikoni kwa watu, na alimaliza kuwapa watoto kifungua kinywa.

Hilo ndo tukio lenyewe. Sasa nataka kuliangalia vizuri, maana siku ile wengi walilimaliza kwa kusema "kijana hana adabu" na mimi sikubaliani na hilo hata leo.

Kwanza mdogo wangu hakuwa anatafuta kuonekana. Alikuwa hajalala siku nne. Mtu kafia mikononi mwake saa tisa usiku, mama mdogo hawezi kuongea, mimi nimesema nakuja lakini Mbagala mpaka pale ni mwendo. Alikuwa na kilio na hana wa kumlilia, kilichokuwa mkononi ni simu. Nilipomuuliza baadaye akaniambia "kaka mimi sikutangaza, mimi nililia". Na ni kweli, ukizisoma zile sentensi ni za mtu anayeongea na marehemu, wala haongei na sisi.

Lakini watu wa zamani nao walilia na hawakusubiri ruhusa. Nyumba ikifiwa alfajiri wanawake wakipiga ukelele mtaa mzima unajua, na hakuna aliyewaambia tulieni kwanza tupange. Tofauti iko hapa, na mimi nimelifikiria sana hili, kilio cha zamani kilisikika mpaka pale ambapo miguu inafika. Ukikisikia unavaa kanzu unatoka, dakika tano uko mlangoni umemshika mfiwa, na yeye akikuona anajua hayuko peke yake. Kilio cha stetasi kinasikika Muscat, kinasikika Morogoro, na anayekisikia hana mlango wa kukimbilia na wa kumshika hayupo. Sauti imefika lakini mikono haijafika.

Ndo maana kwa mtu wa mbali wazee walikuwa na namna yao. Aliyeko safari haambiwi kwa mara moja, anaambiwa baba yako mgonjwa njoo nyumbani, anapewa mtu wa kusafiri naye, akikaribia anaanza kuona watu uani na moyo unakuwa umeshajiandaa, afu mzee mmoja anamkalisha chini anamwambia. Vijana wa sasa wanasema huo ni uongo. Mimi naona ni kumpa mtu ngazi ya kushukia badala ya kumsukuma kutoka juu.

Na hata Radio Tanzania ile ya matangazo ya vifo, ambayo wengi wetu tumekua nayo sebuleni, ilikuwa na mpangilio wake. Jina kamili la marehemu, nani anatangaza, amefia wapi, maziko wapi na lini, afu yale maneno, habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Handeni, fulani wa Pangani. Sisemi radio haikumuua mtu kwa mshtuko, wapo waliosikia kifo cha mama zao wakiwa wanapanga nyanya sokoni. Ila hakuna aliyesikia tangazo akabaki anauliza ni nani. Stetasi ya mdogo wangu ilibeba uchungu wote wa tangazo la kifo bila hata taarifa moja ndani yake.

Na hili sio la watu wa uswahilini tu. Tarehe 26 Januari 2020 Kobe Bryant, yule mchezaji wa kikapu wa Marekani, alipofariki kwenye ajali ya helikopta kule Calabasas, California, pamoja na binti yake Gianna na wengine 7, mtandao wa habari za mastaa ulitoa habari ya kifo chake mapema mno na mkuu wa polisi wa kaunti akalalamika hadharani kwamba familia zilikuwa bado hazijafikiwa. Mke wake Vanessa alikuja kueleza kwenye ushahidi wake kwamba alikuwa ameambiwa kuna watu wamepona, akawa anajaribu kumpigia mumewe, na wakati huo kwenye simu yake zinaingia meseji za kumtakia Kobe apumzike kwa amani. Nilipolisoma lile nilimuona dada yetu palepale jikoni. Mwanamke yule ana kila kitu na bado hilo halikumkinga.

Sasa kuna hoja moja kubwa ambayo watu wanaosema "subirini msiposti" huwa hawaigusi. Sisi Waislamu tunazika haraka. Amefariki saa tisa usiku, maziko alasiri ya siku hiyohiyo, na kutoka Dar mpaka Muheza ni kilomita 300 na ushee. Watu wa Korogwe wanatakiwa wajue, anayechimba kaburi ajue, sanda, gari, chakula, hivo vyote vinataka habari isambae asubuhi mapema. Huwezi kukaa na habari mpaka kila mtu awe tayari. Na kutangaza kifo chenyewe sio kosa, Mtume (s.a.w.) alitangaza kifo cha Najashi, mfalme wa Habasha, siku ileile aliyokufa na akamsalia. Kwaiyo hatugombani na tangazo, tunachogombania ni lile saa moja la mwanzo na nani anatangulia kuambiwa.

Na hilo saa moja linatosha, nimeshalipigia hesabu. Kwetu waliotakiwa kuambiwa kwa sauti kabla ya maandishi yoyote ni watu sita, bibi, mabinti wawili wa marehemu na mwanae wa kiume, na wale ndugu zake wawili. Simu sita. Tukigawana watu watatu ni dakika ishirini. Hata mama wa Ruwi asingekuwa amefika, angalau dada yetu angesikia kwa sauti ya baba mkubwa wake.

Siku ile nilichofanya ni kumwambia mdogo wangu aitoe stetasi, akaitoa, lakini watu zaidi ya themanini walikuwa wameshaiona na wengine wameshaichukua skrinishoti wakaiweka kwao na wao wakiandika "baba mdogo" ambaye wala sio baba mdogo wao. Afu saa moja kasoro, wote sita wakiwa wameshajua, nikaandika kwenye grupu la ukoo kwa mtindo wa radio: familia ya marehemu mzee fulani wa Muheza inasikitika kutangaza kifo cha fulani bin fulani, majina matatu, kilichotokea usiku wa kuamkia leo Dar es Salaam, mwili unaondoka saa tatu asubuhi, maziko leo baada ya alasiri, habari ziwafikie ndugu wa Korogwe, Pangani, Tanga mjini, Morogoro na Muscat, kwa maelezo piga namba hii. Chini nikaweka ombi moja, picha ya marehemu na ya wafiwa isipostiwe bila kumuuliza mama mdogo. Simu zangu za kuulizwa zilipungua palepale.

Kilichoharibika zaidi ni kilichofuata humohumo kwenye grupu. Shangazi mmoja, na nampenda shangazi yangu, akamuandikia mdogo wangu mbele ya watu mia na arobaini kwamba hana adabu na bibi akianguka kwa presha atajua yeye. Wakaja wengine watatu na maneno, stika za vidole, skrinishoti ya ile stetasi ikarudishwa tena grupuni ambako dada yetu wa Muscat naye yumo. Mdogo wangu akajitoa. Alisafiri kwenye gari la mwili kutoka Dar mpaka Muheza, hakufungua mdomo hata tulipokunywa chai Segera, kaburini alishuka yeye kupokea maiti, na jioni watu wanakula alikuwa kakaa nyuma ya nyumba. Yeye pia alikuwa mfiwa. Mtu amekosea kwenye simu saa kumi na moja alfajiri, mrekebishe kwa kumpigia, kama amekukosea wewe mwambie wewe. Kumsema grupuni siku ya maziko kunaongeza msiba juu ya msiba, na mimi nililiona hilo kuwa baya kuliko stetasi, kwa sababu aliyeandika stetasi alikuwa na uchungu na hajui, waliomsema walikuwa wamekaa wametulia wanajua wanachofanya.

Kwenye picha nako kulikuwa na jambo lake. Dada yetu hakupata ruhusa ya kuja, akaniomba amuone baba yake akizikwa. Baba alisita, mama mdogo ndo akasema muonyesheni. Nikampigia ya video, nikasimama mbali kidogo pembeni ya watu, simu nimeishusha usawa wa kifua, nikamuonyesha jeneza likifika, watu wakipokezana, mchanga. Uso wa marehemu alikuwa ameshauona asubuhi mama yake akiwa pamoja naye kwenye simu. Wakati huohuo jirani mmoja alikuwa upande wa pili yuko laivu Facebook, anasogeza kamera mpaka usoni kwa baba yangu anayelia, na watu huko wanatuma mioyo. Ukituangalia kwa mbali mimi na yeye tulikuwa tunafanya kitu kimoja, wote tumeshika simu makaburini. Ila yangu ilikuwa na mtu mmoja upande wa pili, aliyeomba, mwenye haki. Nilimfuata yule jirani baada ya dua nikamuomba aifute, akafuta, hakubisha. Kwa wanaoona ni jambo dogo, Vanessa Bryant huyohuyo alishinda kesi Agosti 2022 na baraza la mahakama likampa dola milioni 16, sababu ni watumishi wa kaunti waliopiga na kuonyeshana picha za eneo la ajali, na yeye anaishi na hofu kwamba siku moja atakutana nazo mtandaoni. Sisi hatuna dola milioni, tunayo aibu tu ya kuombana.

Orodha ya michango yenye majina na hela nayo ilipostiwa, tukaitoa. Mtu katoa elfu mbili yake kwa moyo, usimuanike chini ya aliyetoa laki.

Kitu cha mwisho kilitujia miezi minne baadaye na hakuna aliyekitarajia. Simu ya baba mdogo mama aliizima akaiweka kabatini. WhatsApp ikikaa siku 120 haitumiki akaunti huwa inafutwa yenyewe, na ikifutwa namba inatoka kwenye magrupu. Mimi ni admini, nikaona asubuhi namba yake imeondoka. Mama mdogo bado ana wiki moja na ushee ya eda. Sikuwaza, nikaacha. Ijumaa dada yetu akaandika grupuni, "Nani amemtoa baba?" Kumbe kila Ijumaa alikuwa anafungua orodha ya wanagrupu anaangalia ile picha yake ya kofia. Aliamini kuna mtu kamfuta, kwa yaliyopita alimuwazia moja kwa moja kaka yake. Nilimpigia nikamueleza ni mfumo, sio mtu, na kwamba meseji na voisi za baba ziko kwenye simu yake hazijaenda popote ila afanye bakapu asije kubadilisha simu zikapotea. Akanyamaza, afu akaniuliza na Facebook je, maana kwenye siku ya kuzaliwa ya baba watu walikuwa wamemuandikia maisha marefu mzee wetu.

Facebook kuna utaratibu wa kuifanya akaunti kuwa ya kumbukumbu, wanataka uthibitisho kama cheti cha kifo, na ikishabadilishwa haiwakumbushi tena watu siku ya kuzaliwa. Cheti kinatoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Mdogo wangu akasema nitalishughulikia mimi. Alikuwa amesharudi grupuni, bibi ndo alimuita akamwambia mwanangu alikufa mikononi mwako na mimi nakushukuru, hakuna aliyesema neno tena baada ya hapo. Akafuatilia cheti mpaka akakipata, akajaza fomu kwenye simu, na kabla hajabonyeza kutuma akampigia kwanza dada yetu Muscat, wakaongea karibu saa nzima. Mara hii simu ilitangulia.